Njia ya Maharagwe Mawili

Kwa kaka yangu Rula,

Salamu kwanza, maana hata tukiwa tumenuniana miaka minane, hatukulelewa ovyo. Hujambo? Wifi yangu, ambaye namjua kwa picha moja tu aliyoniletea shangazi, hajambo? Na watoto je? Shangazi anasema wa kwanza amechukua masikio yako. Masikio hayana neno, naomba tu akili achukue za mama yake. Wote nawasalimu, mmoja mmoja, hata wasionijua.

Ukiuliza za huku, mimi ni mzima wa mwili, ila ulimi wangu umekuwa mkali kuliko ulivyouacha. Bado naziba pancha na kunyoosha spoki mbele ya nyumba, chini ya lile bati ulilolipigilia wewe likapinda. Bado wapo wanaume wanaofika, wakanitazama nilivyo na grisi mpaka viwikoni, kisha wakauliza fundi yuko wapi. Huwa nawaambia ametoka, wasubiri. Mmoja alisubiri mpaka saa nane mchana.

Baba si mzima. Shangazi hajakuficha, najua, lakini yeye huja mara moja kwa mwezi akiwa na leso ya kulilia, hakai naye. Mguu ule haukupona kamwe, na sasa moyo nao umechoka. Daktari aliniita pembeni akasema nisihesabu miezi, nihesabu wiki. Kitanda tumekihamishia sebuleni, karibu na dirisha, ili aone barabara. Amekuwa mdogo, kaka. Nikimgeuza namgeuza kwa mkono mmoja. Ila fimbo bado anayo, na chai ikichelewa anagonga sakafu mpaka majirani wanasikia. Nao bado wanamwita Bwana Posta, na akiitwa hivyo uso unamrudia kidogo.

Wiki mbili zilizopita alinigongea fimbo akaniambia nilete karatasi na kalamu. Akasema nikuandikie sentensi moja tu: kwamba baba amekusamehe, uje. Wewe unajua miaka yote hii hakuwahi kukutaja ila kwa neno yule. Yule alikuwa na daftari kama hili. Yule hakupenda chumvi. Shangazi aliposikia kwamba baba amelainika alilia kwa furaha, akasema maombi yake yamejibiwa. Mimi nimekaa na ile sentensi siku kumi na nne. Nimeianza mara nne na mara nne nimechana karatasi. Nivumilie nikueleze kwa nini, na nitakueleza kwa mzunguko, maana moja kwa moja siwezi.

Alhamisi iliyopita nilimwachia jirani ufunguo nikatoa baiskeli yangu. Nilikuwa sijapita njia ya kinamasi tangu mwaka ule. Nilitoka mapema, nikapita nyuma ya kinu, nikashuka mpaka darajani, pale unapoacha lami na kuingia kwenye tuta. Kaka, ile njia bado ni nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Matete yamekuwa marefu kupita kichwa, pande zote mbili, na kukiwa na upepo husikii hata mnyororo wako mwenyewe. Maji yamekuja karibu na tuta kiasi kwamba korongo anasimama pembeni akakutazama upite, hajisumbui kuruka. Pale kwenye kona ya mierezi nilishuka nikaisukuma baiskeli nikitembea. Ningeweza kuendelea, lakini sikutaka kupapita pale juu ya kiti. Nilipofika kwenye pampu ya maji nilikaa kwenye lile jiwe letu, nikatoa maharagwe mfukoni nikayahesabu. Mfuko wa kushoto yalikuwemo mawili: pikipiki moja na gari la idara ya maji. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi wa pampu akatoka kuniangalia. Kwa nini nilicheka utaelewa mbele.

Sasa naandika mambo unayoyajua kuliko mimi, lakini nayaandika kana kwamba huyajui, ili ukimpa wifi barua hii naye asipotee. Baba yetu alipeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na mmoja, na njia aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii ya kinamasi. Yeye ndiye aliyetufundisha kuhesabu. Unatoka nyumbani na maharagwe kumi na mawili mfuko wa kulia. Ukipishana na chochote chenye injini, unahamisha moja kwenda kushoto. Ukifika mwisho, yaliyoko kushoto ndiyo cheo cha njia. Yakizidi matano, hiyo si njia ya kimya, ifute. Na kila njia ihesabiwe na watu wawili, siku mbili tofauti, na iandikwe hesabu iliyo kubwa. Jioni tulimwaga maharagwe ya kushoto kwenye kisahani mbele ya baba, naye akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa posta, kila herufi imesimama.

Ulipopata kazi ofisi ya ramani, wewe ndiye uliyesema tuzitolee kijitabu hizi njia za kimya, ili watu waendeshe baiskeli bila kusukumwa mtaroni. Ofisi ikakubali kuchapa. Tulizunguka mwaka mzima. Mvua ilitupiga, mbwa wa mashambani walitufukuza, wewe ulianguka kwenye mfereji wa mpunga ukatoka na chura kwenye kola. Sijawahi kuwa na mwaka mzuri kama ule. Tulipata njia kumi na moja, na ya saba ikawa ya kinamasi. Wewe uliihesabu Jumatatu, ukapata mawili. Baba akasema hesabu ya pili ifanywe Alhamisi, kwa sababu amesikia ng'ambo ya pampu limefunguliwa tanuru la matofali, na Alhamisi ndiyo siku yao ya kupakia. Hesabu hiyo ilikuwa zamu yangu. Jioni nilimwaga maharagwe kwenye kisahani, yakawa mawili. Baba akaandika mawili. Ukachora, kikachapwa, juu ya ramani ya saba ukaweka neno kimya na chini yake mawili.

Yaliyofuata huyahitaji kuambiwa. Vitabu vilitoka mashineni Jumanne. Alhamisi baba aliacha chai yake mezani, akachukua baiskeli bila kuaga mtu, na saa nne asubuhi lori la matofali likamkuta kwenye kona ya mierezi, mahali ambapo tuta ni jembamba na matete yanaziba macho. Dereva tulimkuta amekaa chini ameshika kichwa, anarudiarudia kwamba kwenye ile barabara yeye hajawahi kukutana na mtu. Malori yao yalikuwa yanapita pale kila Alhamisi, moja nyuma ya jingine, tangu miezi mitatu nyuma.

Halafu wodini. Nikifumba macho naiona: kitanda cha tatu kutoka mlangoni, pazia la kijani lisilofika mwisho, shangazi miguuni, mimi kichwani, wewe umesimama na kile kijitabu mkononi kwa sababu ulitoka kazini hujui pa kukiweka. Baba alipozinduka alikiona. Alikuuliza ni nani aliyeandika neno kimya. Ukasema ni wewe. Akasema basi wewe ndiye uliyemlaza pale, na kwamba mtu anayechora njia asiyoijua ni muuaji mwenye rula. Ofisi ilipokutaka maelezo uliandika mstari mmoja, kwamba hesabu zote ni zako. Nauona mpaka leo, kwa sababu karani alinionyesha. Vitabu vikafungiwa stoo. Wiki mbili baadaye ukaondoka na begi moja, na baiskeli yako ukaiacha imeegemea ukuta.

Tangu siku hiyo mimi ndiye mtoto mwema. Nimemwosha, nimemlisha, nimemkata kucha, nimebadilisha bandeji za mguu unaotoa maji. Yule mshonaji aliyetaka kunioa alisubiri miaka miwili, akachoka, akaoa kwingine, na suti ya harusi yake akaishona mwenyewe. Sikumlaumu. Mtaani wakipita wananiombea baraka. Wanasema Bwana Posta alizaa watoto wawili lakini alijaliwa mmoja. Shangazi huisema hata mbele yangu, akinishika shavu. Kila wanaposema hivyo nasikia kama nimevalishwa nguo ya mtu aliyekufa, na bado nimeivaa, kaka. Nimeivaa miaka minane.

Basi nipige moyo konde. Siku moja kabla ya ile Alhamisi yangu, nilikuletea chakula ofisini. Hukuwepo mezani. Juu ya meza palikuwa na karatasi ya jalada, rasimu, na chini ya kichwa cha kijitabu palikuwa pameandikwa kimeandaliwa na, halafu jina lako. Lako peke yake. Nilitafuta langu kila mahali, mpaka nyuma ya karatasi. Mimi niliyetangulia kuhesabu njia sita kati ya kumi na moja. Mimi niliyeziba pancha zako zote. Niliacha bakuli nikatoka, na sikukuambia kitu, kwa sababu nilitaka ujue mwenyewe.

Asubuhi yake sikwenda kinamasi. Nilitoka na maharagwe yangu kumi na mawili mfukoni, nikafika njia panda ya kinu, nikajiambia aliyeandikwa jaladani ndiye aende akahesabu. Nikakata kulia, nikapanda barabara ya mlimani mpaka kwa rafiki yangu mfuma mikeka. Tulikaa barazani kwake tukitafuna karanga na kukusengenya, tukacheka sana. Jioni nilirudi, nikakumbuka wewe ulipata mawili, nikahamisha mawili nikiwa bado juu ya baiskeli, hapo nje ya mlango wetu. Nikamwaga kwenye kisahani. Sikuona hata gari moja la kinamasi siku ile, kaka. Sikukosea hesabu. Sikuhesabu kabisa.

Nilitaka jina langu liwe kwenye jalada. Halikuwepo, na kutokuwepo kwake ndiko kulikoniponya. Lako lilikuwepo, likakubeba mpaka nje ya nyumba yetu. Kila nikikumbuka hilo najichukia, na saa nyingine nakuchukia wewe kwa kulibeba kimyakimya.

Kuna jingine, nalo ni baya zaidi. Unakumbuka pale kwenye sinki la kuoshea mikono, nje ya wodi? Ulinifuata, ukaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, kama kweli niliona mawili. Nilikujibu mawili, na nikakuuliza kama unaniita mwongo. Ukaniomba radhi. Uliniomba radhi, kaka! Muda ule ule ulipokuwa unaniuliza, ngumi yangu ilikuwa imefungwa. Muuguzi alikuwa amenipa mfuko wa nguo za baba, suruali imekatwa kwa mkasi, nikaipekua mifuko kabla ya kuiloweka. Mfuko wa kulia yalikuwemo maharagwe matatu. Wa kushoto yalikuwemo tisa. Hayo tisa ndiyo niliyokuwa nimeyafumba mkononi wakati nakuambia mawili.

Miaka minane nimejiuliza baba alikuwa anafanya nini kule na maharagwe mfukoni, siku ya kupakia, wakati kijitabu kimeshachapwa. Nilijipa jibu kwamba ni mazoea ya mzee. Jibu hilo lilinifaa, kwa hiyo sikulichokonoa.

Sasa narudi kwenye ile sentensi. Baba aliponiambia niandike kwamba amekusamehe, kalamu ilinigoma. Nilipiga magoti pale kitandani nikamwambia yote: jalada, mlimani, karanga, kisahani. Nilidhani moyo wake utasimama. Nilidhani hata fimbo ile itanishukia, na ningeshukuru. Hakushtuka. Alikuwa anatazama dirishani, na bila kugeuza shingo akaniambia kwamba anajua.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu jioni ile ile. Kwamba nilipoegemeza baiskeli ukutani, yeye alitoka kufunga kuku akaona tairi zangu. Zilikuwa na udongo mwekundu. Tope la kinamasi ni jeusi, na mtu aliyelisafisha kwenye tairi miaka thelathini na mmoja hawezi kulikosea. Alijua nimetoka mlimani. Alijua yale mawili ni ya uongo, na akachukua kalamu akayaandika kwa mwandiko wake uliosimama. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ile njia ilikuwa yake. Amepeleka kule barua za watu ambao wote wamekufa au wamehama, na isingeingia kitabuni hakuna ambaye angejua kwamba aliwahi kupita. Aliogopa ikihesabiwa sawasawa itafutwa. Basi akajitia hamnazo. Ila vitabu vilipotoka mashineni usingizi ulimruka, na Alhamisi akaenda kuhesabu mwenyewe. Alisema alikuwa amefika tisa, na amekwisha kuamua akirudi akuambie uzuie vitabu. Lile lori la kumi mkono wake haukuwahi kulihamishia haragwe.

Nikamuuliza basi kwa nini alikuangushia wewe. Akasema kwamba mguu ulikuwa umeshaharibika, na alijua atahitaji mtu. Wewe una kazi ya kichwa, popote ungeishi. Mimi angenitaja ningekimbia, na yeye angebaki na nani? Akasema mtu mwenye siri hakimbii, anakaa. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kufunga kifurushi. Halafu akaniambia niendelee kuandika, pale nilipoishia: amekusamehe, uje.

Nilitoka nje nikakaa chini ya bati. Nilicheka, nikalia, nikamkazia mteja mmoja breki mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Miaka minane nimemlea nikidhani nalipia kosa langu kwa siri, kumbe alikuwa anayapokea malipo kila siku na kunitazama nikilipa. Na bado saa moja jioni nilirudi ndani nikamgeuza, nikampaka dawa mgongoni, kwa sababu asipogeuzwa anachubuka. Sijui huo ni upendo au ni mazoea ya mikono. Sina nguvu ya kuupambanua.

Kwa hiyo ile sentensi siiandiki. Baba hana cha kukusamehe, na mimi sitakuwa tarishi wa uongo wa tatu. Nimemwambia barua nimeandika. Hakuuliza nimeandika nini. Ukitaka kuja kumwona kabla hajaondoka, njoo, lakini usije umeinamisha kichwa. Njoo ukae kwenye kile kiti karibu na dirisha, umtazame, uamue mwenyewe kama unalo la kumpa. Ukiamua huna, sitakulaumu, na shangazi nitamnyamazisha mimi. Na langu nisikuombe kwa barua. Nikuombe uso kwa uso, kama utanipa nafasi.

Baiskeli yako ipo. Kila mwezi nimeitia mafuta na kuijaza upepo, hata sijui kwa nini. Ukishuka stendi nitakuwa nayo. Tanuru lilifungwa mwaka jana, udongo umewaishia, ndiyo maana Alhamisi hii nilipata mawili, mawili ya kweli. Unaweza kupita kinamasi mpaka nyumbani, na hutakutana na mtu.

Ndani ya bahasha utakuta yale tisa, nimeyafunga kwenye kipande cha karatasi ya ramani yako. Mawili yamebunguliwa na wadudu lakini bado yanahesabika. Yahesabu wewe, mbele ya mkeo, kwa sauti.

Nisalimie wifi, na umwambie asinipende haraka. Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu na leso yake. Baba analala wakati huu, mdomo wazi, mkono juu ya daftari. Nimelifungua polepole, nikatafuta njia ya saba, nikaandika chini ya mwandiko wake, kwa wino, yale ambayo naandika hapa pia ili yawe mahali pawili:

Hesabu ya pili, njia ya kinamasi: haikufanywa. Aliyetumwa ni mimi.

Mdogo wako,
Kengele